Usiitike Mara ya Kwanza

Hii hutaamini, na sikulaumu, maana hata Chepkemoi aliyekuwa amekaa pale pale, masikio yake mawili yakiwa mazima, mpaka leo anakataa. Lakini ilitokea! Na haikutokea porini wala makaburini. Ilitokea mchana kweupe, theluji inaanguka nje, kwenye chumba cha daktari chenye taa nyeupe na picha ya moyo wa binadamu ukutani. Kaa vizuri.

Kuna mama anaitwa Maombi. Anakaa Hopkins, huku Minnesota, kwenye zile apatimenti za zamani ambazo hita zake zinagonga ukutani kama mtu anayeomba kufunguliwa. Anakaa na binti yake, Kirezi, yule aina ya mtoto unayemsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, na maisha yanaendelea. Asubuhi Maombi anaenda Plymouth, kwenye kiwanda cha mirija ya plastiki, ile myembamba wanayowawekea wagonjwa dripu. Kazi yake ni kuinyanyua kwenye taa aone kama ina ufa. Kutwa nzima anashika vitu vya kuponya watu, na yeye mwenyewe chini ya sikio la kushoto ana uvimbe, mgumu kama kokwa la zambarau, ambao daktari hajawahi kuugusa.

Na usifikiri hana bima. Kadi anayo! Bima ya serikali ya jimbo, ile wanayopewa wafanyakazi wa kipato kidogo. Inalipa daktari, inalipa dawa, inalipa hata gari la kukupeleka kliniki kama huna usafiri, na inalipa mkalimani kwenye simu, daktari aseme chake na wewe usikie kwa lugha yako. Kila kitu kipo. Sasa shida iko wapi?

Shida ni kwamba Maombi alikuwa haitiki akiitwa mara ya kwanza.

Usicheke. Maombi alilelewa na bibi yake kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, baada ya familia kutoka Kongo, na bibi huyo alikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote, kubwa hata kuliko ya kuomba kabla ya kula. Alikuwa anamshika mtoto kidevu na kumwambia kwa Kiswahili chao cha kule Uvira: "Ukisikia banakuita na hauone mutu, nyamaza. Mufu anaita mara moja tu. Muzima atarudilia."

Na ushahidi alikuwa nao. Ushahidi wake ulikuwa Perpétue, dada mkubwa wa Maombi, aliyekuwa anamsuka nywele mlangoni huku akimsimulia mambo. Perpétue alikuwa na tabia yake moja ya kuongea: kabla ya neno la mwisho alikuwa anavuta pumzi kidogo kwa meno, *hsss*, kama mtu anayeonja chai ya moto. Ndipo neno linatoka. Perpétue naye shingo ilimvimba. Halafu akafa. Maombi alikuwa mdogo, hakuona, aliambiwa tu. Bibi alisema: aliitwa nyuma ya nyumba, hakumwona aliyemwita, akaitika mara ya kwanza. Mwisho wa habari. Tangu hapo, ndani ya nyumba ile unaita mpaka koo linakauka ndipo mtu ageuke, na majirani wakawa wanasema watoto wa yule bibi ni viziwi, au wana majivuno.

Sasa beba sheria hiyo uilete Minnesota.

Apointimenti ya kwanza alimtafutia Chepkemoi. Huyu ni rafiki yake wa kanisani, Mkenya, muuguzi kwenye nyumba ya wazee kule Oakdale, mtu wa kicheko kikubwa na gari dogo. Alimshusha kliniki akakimbilia zamu yake. Maombi akakaa kwenye kiti, mkoba mapajani, koti hajavua. Baada ya muda mlango wa ndani ukafunguka kidogo, kama kiganja tu, na sauti ikatoka bila uso: "Mayombi?"

Akakaza mkoba. Akangoja mara ya pili.

Mara ya pili haikuja. Mlango ukajifunga. Akaja kuitwa mzee mwingine, akaja kuitwa mama mwenye mtoto. Alipojitoa kimasomaso kwenda kuuliza, yule wa mapokezi akaangalia kompyuta akasema samahani, uliitwa hukutokea, nafasi nyingine ni mwezi ujao.

"Ati nini?" Chepkemoi alipiga breki barabarani aliposimuliwa. "Mama Kirezi! Ulisikia jina lako?"

"Nilisikia."

"Na ukanyamaza?"

"Sikumwona aliyeita. Bibi alitukataza."

Chepkemoi akacheka mpaka akapaki pembeni. "Wewe utaniua. Ghost gani anafanya kazi kliniki, na benefits, na likizo ya Krismasi? Hawa watu wako busy. Hapa ukiitwa ni mara moja, hujaitika wanaita next. Aki ya nani, hiyo shingo itakumaliza juu ya story za nyanya yako."

"Usimtaje marehemu vibaya, dada."

"Simtaji vibaya. Namtaja tu. Na hajaitika, umeona?"

Maombi hakucheka. Alikuwa anaangalia kioo cha pembeni, akijigusa chini ya sikio.

Kiwandani yule aliyekuwa anafanya naye laini moja ni mama wa Kihindi, Selvi, na Kiingereza chao wote wawili ni kile cha kiwandani, maneno machache na mikono mingi. Wakati wa chakula Selvi aliuona uvimbe akaunyooshea kijiko. Doctor? Maombi akaeleza alivyokosa. Selvi akafunika kopo lake la wali, akaanza kueleza mambo ya kwao Tamil Nadu. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nyuzi. Mshahara unakatwa kidogo, mwajiri naye anatoa chake, serikali inakupa kadi, na kadi ina zahanati zake na hospitali zake za wafanyakazi, wewe na mkeo na watoto. Kitu kizuri kabisa. Lakini dirishani, Selvi akasema, umati! Karani anaita jina mara moja, feni inapiga kelele, hujaitika basi rudi mwisho wa foleni. Kwa hiyo baba yake alikuwa anaitika majina yote.

"Yote?" Maombi akauliza.

"All! Murugan, yes sir! Rajan, yes sir!" Selvi akanyanyua mkono juu kama mwanafunzi. "Even one day Lakshmi. Yes sir!" Meza nzima ikageuka kuwaangalia walivyokuwa wanacheka, maana Lakshmi ni jina la mwanamke. Kisha Selvi akafuta macho akasema kwa utulivu kwamba bora uitike jina lisilo lako kuliko kunyamaza kwenye lako.

Maneno hayo Maombi alirudi nayo nyumbani, lakini hayakumsaidia haraka. Maana ndipo ofisi ya bima nayo ilipoanza kumtafuta.

Kiwandani walikuwa wameongezewa masaa, na masaa yakiongezeka serikali inataka kuongea na wewe, ijue kama bado unastahili ile kadi au uhamie ya kazini, ambayo ukikatwa hiyo mshahara wote unabaki harufu. Kitu cha simu moja tu. Wanakupigia, wanakuwekea mkalimani, unajibu, kwisha. Lakini simu yao ilikuwa inaingia bila namba. Kioo kinawaka, hakuna jina, hakuna sura. Sasa niambie, mtoto wa yule bibi angepokea?

Inaita, yeye anaiangalia. Inakatika. Anasubiri iite tena. Haiiti.

"Mom, just pick up!" Kirezi alikuwa analia siku ile, analia kabisa, kwa sababu yeye ndiye aliyesikiliza ujumbe waliouacha. "They said it ends. Mwisho wa mwezi. They said they tried."

Mtoto kuingiza Kiswahili katikati bila kuombwa, Maombi akajua hii ni hatari ya kweli. Na akahesabu mwenyewe: apointimenti ya pili ilikuwa siku ya mwisho kabisa ya mwezi. Akiikosa hiyo, kesho yake kadi ni kipande cha plastiki kama mirija yake yenye ufa.

Siku yenyewe Chepkemoi aliomba ruhusa kazini, akamsindikiza mpaka ndani. Walikaa bega kwa bega. Mlango ulipofunguka kiganja na sauti ikasema "Ma...", Chepkemoi alimfinya paja kwa kucha, na Maombi akaruka wima kabla jina halijaisha. Watu wakageuka. Muuguzi akatabasamu. Wakaingia.

Daktari alikuwa mwanamke mrefu mwenye mikono ya baridi. Akaushika ule uvimbe muda mrefu, akaachia, akaushika tena. Hakutabasamu. Chepkemoi alitaka kutafsiri, daktari akatikisa kichwa kwa upole: kwao rafiki haruhusiwi, lazima mkalimani. Akabonyeza simu ya mezani, akaweka spika. Muziki ukapiga, ule wa kusubirisha watu. Nje ya dirisha theluji ilikuwa inashuka bila haraka.

Muziki ukakatika.

Mkalimani kwa kawaida anasalimia, anataja namba yake, jina hataji. Huyu hakusalimia. Kwenye spika ukasikika upepo, na kitu kinapigapiga, *pa, pa, pa*, kama turubai la kambini lililolegea kamba. Maombi alilijua lile turubai. Alilala chini yake utoto wake wote.

Halafu pumzi ikavutwa kwa meno. *Hsss.*

"Maombi."

Mara moja tu.

Si Mayombi, si Maumbi kama wanavyomwita huku. Ni Maombi, na ile "o" ya kubana ya kule kwao. Sauti ya mtu aliyekuwa anamsuka nywele mlangoni. Akaiangalia simu. Simu ikanyamaza. Turubai likapiga.

Daktari akasema kitu, akamwangalia Chepkemoi. Chepkemoi akamwambia, "Anauliza kama unamsikia interpreter."

Alikuwa anasikia! Ndiyo shida! Alikuwa anamsikia kuliko anavyowasikia wao wawili. Na bibi naye alikuwa kichwani amemshika kidevu: nyamaza, nyamaza, nyamaza. Uvimbe wenyewe ukaanza kupiga kama una moyo wake. Angoje mara ya pili? Akangoja. Hakuna. Mufu anaita mara moja tu.

Daktari akaangalia saa ya ukutani. Akanyoosha kidole kuelekea kitufe, na hapo hata bila mkalimani Maombi alielewa. Laini mbovu, tutapanga siku nyingine. Siku nyingine hana kadi. Siku nyingine shingo imefika pale ilipofika ya Perpétue. Kidole cha daktari kikawa juu ya kitufe, na sijui kwa nini, kilichomjia Maombi kichwani ni mzee wa Kihindi ambaye hajawahi kumwona, amenyanyua mkono kwenye umati, anaitika jina la mwanamke.

"Abee," Maombi akasema.

Daktari akarudisha mkono.

Sauti ikaanza kazi kana kwamba hakuna kilichotokea. "Daktari anasema kivimbe hiki hakitaki kungoja. Anataka aingize sindano sasa hivi, akamate kanyama kadogo, bapime. Unakubali?"

"Itauma?" Ilitoka ndogo, sauti ya mtoto.

Sauti ikamuuliza daktari kwa Kiingereza safi. Daktari akajibu maneno mawili, matatu. Ila sauti ilipogeuza haikuwa maneno matatu.

"Anasema kidogo tu. Mao, miye baliniitaka kwa dispensaire, kwa munganga. Mara moja. Nilikuwa kwa mustari, nilisikia jina langu muzuri sana. Nikanyamaza, vile Bibi alitufundisha. Bakaita mwingine. Bakafunga mulango." Pumzi ikavutwa. *Hsss.* "Usinyamaze."

Mao! Hakuna mtu Minnesota nzima anayemwita Mao. Hata Kirezi hajui.

"Perpétue?"

"What did she say?" daktari akauliza.

Sauti ikajibu, kwa Kiingereza kile kile safi, polepole: "The patient says yes."

Maombi hakuwa amesema ndiyo. Alikuwa amesema jina la marehemu. Chepkemoi anajua hivyo, mwulize. Lakini daktari alishageuka kuvaa glovu, na Maombi hakusahihisha. Akalala ubavu. Sindano ikaingia. Ikauma kidogo tu.

Daktari alipomaliza, sauti ikauliza kama kuna swali lingine. Dada yake yupo hapo kwenye spika, na maswali anayo ya miaka yote! Lakini lililotoka ni moja.

"Bibi alijua?"

Turubai likapiga. Maombi akainama mpaka shavu karibu liguse simu. Akasikia pumzi inavutwa, *hsss*, ile ya kabla ya neno la mwisho, neno lenyewe liko pale pale ulimini.

Laini ikakatika.

Kwenye gari Chepkemoi alikuwa anafuta theluji kwenye kioo huku anaongea. "Si nilikwambia? Umeona vile ni rahisi? Na interpreter alikuwa mpoa, Mkongo mwenzako kabisa."

"Alisema nini?"

"Si ulikuwa hapo! Alisema ni sindano, itauma kidogo, ukubali."

"Hakusema kingine?"

Chepkemoi akasimamisha kile kifuta theluji. "Sawa, daktari alisema maneno matatu na yeye akaenda kama anahubiri. Si Kiswahili chenu ni kirefu? Mimi nusu huwa sishiki." Akaingia garini, akafunga mlango kwa nguvu. Halafu, bila kumwangalia: "Na ile upepo ni network. Usianze."

Hapo hapo simu ya Maombi ikawaka. Bila namba.

Chepkemoi akaikodolea. Maombi aliipokea kabla haijamaliza mlio wa kwanza. "Abee."

Ilikuwa ofisi ya bima. Mkalimani wao alikuwa mwanamume, Mkenya, mchangamfu, akataja namba yake kama inavyotakiwa. Wakauliza masaa ya kazi, watu wangapi nyumbani. Wakamwambia kadi inaendelea. Chepkemoi akapiga honi peke yake kama harusi.

Na shingo? Ilikuwa ile mbaya, saratani, lakini wameikuta mapema. Bima ikalipa upasuaji, ikalipa na gari la kumrudisha. Sasa hivi chini ya sikio la kushoto ana kovu dogo, Selvi kiwandani anasema linafanana na tabasamu. Mama huyo siku hizi anaitika kila kitu! Unaita mtu mwingine kanisani, yeye anasimama. Kirezi amechoka.

Ingeishia hapo ningekuwa nimekusimulia habari njema, tungesema amina tukaenda.

Lakini Jumamosi iliyopita, adhuhuri, Kirezi yuko mazoezi ya kwaya, Maombi yuko jikoni anasonga bugali. Hita imenyamaza kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze. Simu iko chumbani, imezimwa, inachajiwa. Na nyuma yake, karibu, pale kwenye kona ya friji ambapo hapatoshi mtu kusimama, pumzi ikavutwa kwa meno.

"Maombi."

Mara moja.

Safari hii hakuna daktari. Hakuna kadi inayokwisha, hakuna kidole juu ya kitufe. Anaweza kuwa ni dada yake, aliyemwokoa, amekuja kumalizia lile neno alilokatwa. Na anaweza kuwa ni yule aliyemfanya bibi amshike mtoto kidevu na kumfundisha kunyamaza, maana hata bibi hakuanza kuogopa bila sababu. Maombi akazima jiko. Akaweka mwiko chini taratibu. Hakugeuka. Nyuma yake mtu alikuwa anangoja, na ukimya ulikuwa unapiga *pa, pa, pa*.

Akafungua mdomo.

Sasa wewe uliyesoma mpaka hapa, sema ukweli wako: ungekuwa umesimama pale jikoni, mgongo umeupa friji, ungeitika?